Sentimita Moja Ni Siku Ngapi? Mhadhara juu ya kuchora kwa mkono ramani ya galaksi ya kubuni

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja. Mliokwisha kunisikia mnajua nitaanzia wapi, na leo pia naanzia hapo hapo: usichore nyota hata moja kabla hujajua watu wa hadithi yako wanasafiri kwa mwendo gani. Nimelisema hili mara nyingi, wengine wenu mnaweza kunimalizia sentensi. Lakini kila ninapoletewa ramani mpya naikuta ina mikono ya galaksi iliyojizungusha kwa kupendeza, ina majina, ina dola tatu zilizopakwa rangi tatu, na kwenye kona ya chini hamna kitu. Namuuliza mwenyewe: kutoka hapa hadi hapa ni siku ngapi? Anaitazama ramani yake kana kwamba ndiyo anaiona mara ya kwanza.

Niwaeleze ilivyonipata mimi.

Ramani yangu ya kwanza niliichora kwenye karatasi ya A2, nikakaa nayo miezi minne. Nilitumia kalamu ya wino ya milimita 0.3. Ukingoni niliweka nukta chache, halafu nikazidi kuzisogeza karibu karibu kuelekea kitovuni, hadi pale katikati wino ukaloa na karatasi ikaanza kuvimba. Galaksi nzima ilikuwa na upana wa sentimita 40. Nilikuwa nimeiiga Njia Nyeupe, galaksi hii yetu, ambayo upana wake hukadiriwa kuwa miakanuru 100,000 hivi, na mwakanuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Gawanyeni: kila milimita ni miakanuru 250. Hesabu hiyo sikuifanya mimi. Aliifanya msomaji wangu wa kwanza, binti mmoja aliyekuwa amemaliza kusoma mswada wote, siku aliyokuja na uzi.

Uzi wa kushonea, mweusi. Akabana ncha moja kwenye makao makuu ya dola, akauvuta taratibu juu ya njia niliyoichora kwa vistari, akifuata kila kona, kisha akaushika kwa ukucha pale njia ilipoishia na kuupeleka kwenye rula. Sentimita 6. "Nahodha alikwenda na kurudi kwa siku kumi," akasema. Nikamwambia ndiyo. "Basi ni siku tano kwa miakanuru 15,000. Miakanuru 3,000 kwa siku." Sikuona tatizo. Chombo kina kasi, ndiyo hadithi yenyewe.

Akauhamisha uzi. Katika sura ya tisa kuna koloni lililozingirwa miaka miwili, watu wanakufa njaa kwa sababu msaada uko mbali mno. Akapima kutoka kwenye koloni hadi kituo cha jeshi kilicho karibu. Sentimita 1. Hakusema neno. Aliuweka ule uzi mkononi mwangu akaenda kuketi.

Sentimita 1 ni miakanuru 2,500. Kwa chombo cha nahodha yule yule, hata siku moja haiishi. Watu wangu walikufa njaa miaka miwili ilhali msaada ulikuwa umbali wa kulala na kuamka. Sura nne zilianguka siku ile, na ndizo nilizozipenda kuliko zote. Mama aliyekuwa akigawa maji kwa kijiko, barua zisizojibiwa, mtoto aliyezaliwa ndani ya mzingiro: vyote vilisimama juu ya umbali ambao ramani yangu mwenyewe ilikuwa inaukana. Na ramani hiyo ilikuwa ukutani, mbele ya macho yangu, muda wote nilipokuwa naandika.

Jicho huona karatasi. Sentimita 1 na sentimita 6 kwake ni mikunjo miwili ya mkono, vyote viko mezani. Kwa hiyo kila sura nilipotaka umbali niliuhisi tu, na hisia ya sura ya tatu haikuulizana na hisia ya sura ya tisa.

Najua kuna anayesema moyoni: "Mwalimu, hii ni bunilizi, kasi naipanga mimi." Ndiyo, ipange! Hicho ndicho ninachokuomba miaka yote. Msomaji atapokea kasi yoyote utakayompa. Ukimpa mbili bila maelezo, kuanzia hapo hakuamini tena, hata unapomweleza machozi ya watu.

Sasa, mwendo ni wa namna mbili kubwa, na kila namna inadai ramani yake.

Ya kwanza ni chombo kinachokwenda popote kipendapo. Hapo chukua bikari. Simika ncha yake kwenye mji mkuu, chora duara la siku 10, la siku 20, la siku 40. Tumia penseli ngumu, mistari iwe hafifu. Maduara hayo matatu yatakupa siasa ya hadithi yako yote: nani hupokea amri siku ya kumi, nani huipokea imechacha, nani anaweza kuasi na kuvuna mazao ya uasi kabla jeshi halijafika. Mpaka wa dola huanza kujichora wenyewe pale ambapo amri huchoka. Rangi ipake baadaye.

Ya pili ni malango, au njia maalumu zinazounganisha nyota na nyota, na nje yake hakuna pa kupita. Hapo bikari iweke kando, umbali wa sentimita hauna kazi tena. Jirani yako ni yule mnayeunganishwa naye na lango, hata kama yuko upande wa pili wa galaksi. Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi, aliliona jambo hili kwa treni za chini ya ardhi za London. Ramani yake iliyotolewa mwaka 1933 iliacha umbali halisi wa juu ya ardhi, ikanyoosha njia zote ziwe za mlalo, za wima au za mshazari, kwa kuwa abiria anataka kujua vituo vingapi na abadilishe wapi. Hapo tena naambiwa hiyo si ramani, ni mchoro tu. Mabaharia wa Visiwa vya Marshall, katika Bahari ya Pasifiki, walifunga vijiti kuonyesha jinsi mawimbi makubwa ya bahari yanavyopinda yakikutana na visiwa, simbi zikiwa ndizo visiwa. Ramani hiyo ya vijiti waliisoma wakiwa nchi kavu, wakaihifadhi kichwani, wakaenda baharini bila kuibeba. Kama hiyo si ramani basi sijui ramani ni nini. Ilionyesha kile ambacho msafiri alikihitaji ili afike.

Wanaochanganya namna zote mbili, malango na vyombo huru, nawaomba wachore karatasi mbili. Msizibane kwenye moja.

Turudi kwenye nukta, maana hapa ndipo watu hawaniamini. Ile nukta ya kalamu ya milimita 0.3 kwenye ramani yangu ilikuwa na upana wa miakanuru 75. Liweke Jua katikati yake. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani yetu kuliko zote, iko miakanuru 4.2: imo ndani ya nukta. Sirius iko 8.6: imo. Vega iko 25: imo, na bado kuna nafasi ya nyota nyingine mamia. Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko miakanuru 440 hivi, yaani hakifiki milimita 2 kutoka hapo. Nyota nyingi unazoziona kwa macho matupu usiku usio na mwezi zingeenea chini ya ukucha wa kidole chako kidogo. Kwa hiyo unapoandika jina kando ya nukta, elewa kwamba umetaja wilaya nzima. Ukitaka nyota zenyewe na sayari zake, chora kisanduku pembeni chenye skeli yake, na uiandike skeli hiyo.

"Kwa nini kwa mkono, na kompyuta zipo?" Kwa sababu kwenye kompyuta unavuta karibu, unavuta karibu tena, na hulazimiki kuamua kitu. Karatasi ina mwisho. Jina likikosa nafasi, mji mmoja lazima uondoke, na hapo unajua upi ulikuwa muhimu. Mwaka 1845 huko Birr, Ireland, William Parsons, Earl wa Rosse, alitazama kwa darubini yenye kioo cha upana wa mita 1.8 kile tunachokiita leo M51, akachora kwa mkono mikono iliyojizungusha, jambo ambalo halikuwa limeonwa kabla yake. Hakujua kuwa ile ni galaksi. Lakini kila mstari aliouweka, aliuweka baada ya kujiuliza kama ameuona kweli. Nataka mchore hivyo.

Kuhusu mikono yenyewe, nitakwenda mbio, naona saa. Msiizungushe kama konokono kuanzia katikati kabisa. Galaksi nyingi, yetu ikiwemo, zina mhimili wa nyota unaokatiza kitovu, na mikono huanzia karibu na ncha zake. Chora maduara hafifu yenye kitovu kimoja, kisha mkono uyakate yote kwa pembe ile ile. Kwa Njia Nyeupe pembe hiyo ni digrii 12 hivi. Ipime kwa kipimapembe, duara baada ya duara. Na tafadhali, kati ya mkono na mkono si bahari tupu. Nyota zimejaa huko pia. Mikono hung'aa zaidi kwa sababu ndiko kwenye gesi na nyota changa zenye joto kali. Mkiandika "Utupu Mkuu" hapo kati, toeni sababu nyingine.

Kimo: unene wa sahani ya nyota ni kama miakanuru 1,000, kwa hiyo kwa ramani yangu ni milimita 4. Andika + kwa nyota iliyo juu ya karatasi au − kwa iliyo chini yake, na tarakimu kando ya nyota, kama ramani za bahari zinavyoandika kina cha maji.

Kaskazini haipo. Sema kuelekea kitovuni au ukingoni, kufuata mzunguko wa galaksi au kinyume chake.

Na nani ameichora ramani hii ndani ya hadithi? Mwanaastronomia William Herschel, akisaidiwa na dada yake Caroline, alihesabu nyota pande zote za anga, na mwaka 1785 akatoa ramani iliyoliweka Jua, kimakosa, karibu na katikati ya galaksi. Vumbi lililo kati ya nyota lilimzuia kuona mbali, na ushahidi wa wazi wa vumbi hilo aliutoa Robert Trumpler mwaka 1930. Mchoraji wako naye ana vumbi lake. Nilitaka kulikalia hili, lakini muda umekwisha.

Toeni karatasi. Penseli tu, wino bado. Andikeni kwanza pale kona ya chini kulia: sentimita 1 ni siku ngapi. Nina uzi mfukoni, nitapita meza kwa meza.