Hafanani na Nani? Washington Mbele ya Wachoraji

Mabibi na mabwana, itazameni picha hii kabla sijasema lolote.

Nasikia minong'ono. Naam, ni George Washington mwenyewe, rais wa kwanza wa Marekani, ingawa hafanani na yule wa noti ya dola moja. Hapa ana miaka 40, mashavu yamejaa, na kizibao chekundu kinaonyesha kwamba chakula hakimpigi chenga.

Ni Mei 1772, nyumbani kwake Mount Vernon, Virginia. Mchoraji ni Charles Willson Peale, aliyeanza maisha kwa kushona matandiko ya farasi, kisha akaenda London kujifunza kwa mchoraji Benjamin West. Washington hakuwa na hamu ya kuchorwa; alikubali baada ya kusihiwa. Akavaa sare ya kikosi cha Virginia, kikosi alichokiacha tangu 1758! Hakuna vita, hakuna urais, hakuna hata fununu ya urais. Ni mwenye shamba aliyevaa nguo za ujana wake.

Siku zile zile alimwandikia Jonathan Boucher, kasisi, kwamba amekaa mbele ya Peale akiwa amenuna, na usingizi unamnyemelea pale hasa mchoraji anapofika penye mistari muhimu. Hivyo brashi ya bwana huyu itapata taabu kuueleza ulimwengu yeye ni mtu wa namna gani. Yaani mhakiki wa kwanza wa picha hii ni mwenye uso, na hukumu aliitoa rangi haijakauka.

Alizoea baadaye. Mwaka 1785 aliandika kwamba hakuna farasi wa mkokoteni anayekwenda kufungwa kwa utiifu kama yeye aendavyo kwenye kiti cha mchoraji. Mwaka huo huo mchonga sanamu Houdon alitoka Ufaransa, akampaka plasta usoni ili kunakili umbo lake, na kumpima mwili. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote, kwa kuwa plasta haijui kubembeleza.

Lakini aliyeshinda ni mchoraji Gilbert Stuart. Alimchora mwaka 1795, akarudia 1796. Stuart mwenyewe alieleza kwamba Washington alikuwa ametoka kuwekewa meno ya bandia, ndiyo maana sehemu ya chini ya uso imekazana. Ile picha ya 1796 hakuimaliza. Martha, mke wa Washington, aliitaka. Stuart akabaki nayo makusudi, awe anatolea nakala, akiziita noti zake za dola mia. Mjanja yule! Alitoa nakala kwa makumi, na uso uliobanwa na meno ukaenea nyumba kwa nyumba, hadi ukaingia kwenye noti.

Hapo mizani ikageuka. Zamani waliomjua Washington walipima picha kwa uso wake. Walipokwisha kufa, watu wakaanza kupima uso kwa picha. Mwandishi John Neal alitania kwamba Washington angefufuka vile vile alivyokaa mbele ya Stuart, angeambiwa ni tapeli, labda aonyeshe vyeti.

Kwa hiyo mtu anaponiambia Peale alikosea, humuuliza: amekosea kwa kulinganisha na nani?

Turudishieni ile ya kwanza ukutani, tafadhali. Tazameni mdomo. Stuart hakuwahi kuuona huo.