Udi Ndani ya Kichujio cha Zamani

Assalaam alaykum. Leo ni kupitisha sauti ya udi, ile ala ya nyuzi, ndani ya kichujio cha sinthesaiza ya zamani, yaani chombo cha muziki cha umeme. Tuanze na nguvu ya sauti inayoingia, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika kabla kitufe hakijaguswa.

Kichujio cha ngazi cha Robert Moog, mtengenezaji wa sinthesaiza wa Marekani, kilichopewa hataza Marekani mwaka 1969, hupunguza masafa ya sauti yaliyo juu ya kikomo unachokiweka kwa desibeli 24 kila oktavu. Lakini si kifumbu, kinachotoa tui lile lile ukitia nazi moja au tatu. Sauti ndogo hutoka safi. Ukiisukuma, transista hulemewa, vilele vya mawimbi hubanwa, na udi hunenepa. Kadi ya sauti ya studio, inayotoa sauti kwenye kompyuta, hutoa takriban volti 1.23, vyombo vingi vya nyumbani vya zamani vilitarajia 0.3 hivi. Basi anza chini, pandisha desibeli tatu tatu, na usimame pale ukali wa kupiga uzi unapoanza kulainika. Ukipita hapo, nyuzi zote husikika kama uzi mmoja.

Rezonansi, yaani kurudisha sauti iliyochujwa mwanzoni ili masafa ya karibu na kikomo yavume, ikipanda, besi hupungua, kwa kuwa sauti inayorudishwa mwanzoni imepinduliwa na huila ile inayoingia. Hiyo ni tabia ya saketi, msikifungue chombo kutafuta ubovu.

Jambo linalowasumbua wengi ni kuchanganya udi mkavu, yaani usiochujwa, na uliochujwa. Kichujio kina hatua nne, na kwenye kikomo kila moja huchelewesha wimbi digrii 45. Jumla ni 180: wimbi limepinduka, likikutana na lile la udi mkavu hupunguzana. Kusogeza treki kwenye kompyuta huondoa kuchelewa kwa kadi tu, hili hubaki. Mimi naona afadhali kutumia uliochujwa peke yake.

Umeme nao. Chombo cha Japani hutaka volti 100, cha Marekani 120. Hapa Kenya ni 240, kwa hiyo transfoma ya kushushia ni lazima. Kikiwaka, kiacheni nusu saa, kwani kikomo huhama transista zikipata joto. Ngurumo ya hezi 100 mara nyingi ni kapasita za umeme zilizokauka. Ya 50, tazameni nyaya za ardhi kwanza.

Na chumvi ya bahari hapa Lamu haisamehe jeki, yale matundu ya kuchomekea nyaya. Safisheni kwa dawa ya kontakti, wala si mafuta ya cherehani, yanayoshika vumbi. Chombo kikikaa bila kazi, kifungieni sandukuni pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.