Nani Hasa Aliyesema Hivi?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni wetu, hamjambo. Asanteni kwa kunialika.

Nianze na sala ambayo wengi wenu mmeiimba: "Ee Bwana, unifanye chombo cha amani yako." Penye chuki nilete upendo, penye kukata tamaa nilete matumaini. Kwenye vitabu vya nyimbo na kalenda za parokia huitwa Sala ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Margaret Thatcher alipofika mlangoni pa ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Mei 1979, aliisoma mbele ya waandishi wa habari na yeye pia akamtaja Fransisko.

Fransisko alifariki mwaka 1226. Maandishi yake yamehifadhiwa, na wataalamu wameyakusanya na kuyahakiki kwa makini. Sala hii haimo. Kwa mara ya kwanza inaonekana Desemba 1912, mjini Paris, katika jarida dogo la Kikatoliki lililoitwa La Clochette, chini ya uhariri wa padri mmoja, Esther Bouquerel. Haina jina la mtunzi. Kichwa chake kinasema tu kwamba ni sala nzuri ya kusali wakati wa misa.

Aliyeifuatilia hatua kwa hatua ni mwanahistoria Mfaransa Christian Renoux, aliyetoa kitabu kizima juu yake mwaka 2001. Ameonyesha kwamba Januari 1916, vita kuu ikiwa imepamba moto, gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, liliichapa kwa Kiitaliano. Hapo napo hakutajwa Fransisko. Kisha, vita ikielekea ukingoni, mtawa mmoja wa Kifransisko wa huko Reims akatengeneza kadi. Upande mmoja aliweka picha ya Fransisko, upande wa pili akaiweka sala.

Tuitazame kadi hiyo vizuri, maana siri yote imo humo. Mtawa yule hakuandika popote kwamba Fransisko ndiye aliyeitunga. Alipenda sala, alimpenda mwanzilishi wa shirika lake, akawaweka pamoja. Lakini anayeishika kadi mkononi anaona sura ya mtakatifu, anaigeuza, anasoma maneno. Nani angesita? Ilipofika mwaka 1927, chama kimoja cha Waprotestanti huko Ufaransa kikaichapa kikisema wazi kuwa ni ya Fransisko, na tangu hapo imebaki kuwa yake.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakilaumu uongo wa mitandaoni, nawaambia kwamba mara nyingi hakuna aliyedanganya. Maneno hunaswa na sura iliyo karibu nayo. Leo hatuna haja ya mtawa wala kiwanda cha uchapaji. Mtu anachukua picha ya Mandela anayetabasamu, anaandika juu yake kwamba hofu yetu kubwa si kuwa hatutoshi bali kuwa tuna nguvu kupita kiasi, anatuma kwenye kundi la familia. Huambiwa ni hotuba ya kuapishwa kwake, Mei 1994. Hotuba ile ipo, isomeni mwanzo hadi mwisho. Maneno hayo hamtayakuta. Yametoka katika kitabu cha mwaka 1992 cha mwandishi Mmarekani, Marianne Williamson.

Sasa nirudi nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Julius Nyerere alisema maneno tunayoyakariri hadi leo kila Mwenge unapopita: tuwashe mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali palipo na chuki, heshima palipojaa dharau. Haya ni yake kweli. Tunajua siku, tunajua ukumbi, na usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge hadi kileleni. Lakini sikilizeni mpangilio: chuki na upendo, kukata tamaa na tumaini. Mimi nausikia mdundo wa sala ile ya Paris katika kinywa cha Mkatoliki aliyeijua misa yake. Kisha akaongeza jambo ambalo sala haina, heshima palipojaa dharau, na hilo hasa ndilo lililokuwa kilio cha mtu aliyetawaliwa. Nani angeliona ongezeko hilo bila kujua lililotangulia? Ndiyo maana naipenda kazi hii ya kufuatilia maneno yalikotoka. Haimpunguzii Mwalimu chochote; inatuonyesha aliposimama yeye mwenyewe.

Lipo kosa jingine, na hili linaniuma zaidi. Badala ya kumpa mtu maarufu maneno ya mtu mdogo, tunamnyang'anya mtu maneno yake tunayaandika kwa jina la bara zima. Mmesikia kwamba mzee akifa Afrika ni maktaba imeungua, na chini yake: methali ya Kiafrika. Msemo huo una mwenyewe. Ni Amadou Hampâté Bâ, mzaliwa wa Bandiagara, Mali. Mwaka 1960 alisimama UNESCO, Paris, na sauti yake ilirekodiwa akisema kwamba kifo cha kila mmoja wa wazee watunza mapokeo anakihesabu kuwa ni kuungua kwa hazina ya utamaduni ambayo bado haijachimbwa. Baadaye wazo hilo likafupika likawa la maktaba. Alikuwa anaomba kazi ifanyike: wazee wale wasikilizwe na kurekodiwa kabla hawajaondoka. Ukishaiita methali, ombi linapotea. Kinachobaki ni kitu cha kupamba kadi ya rambirambi, na Hampâté Bâ, aliyetumia maisha yake kukusanya maneno ya wengine, anakosa hata lake moja.

Methali huwa na lugha. "Mkono mmoja haulei mwana" ni Kiswahili, na kila mmoja humu anajua aliisikia kwa bibi, kwa mwalimu au kwa jirani. Mkiona "methali ya Kiafrika" isiyotajiwa lugha, ulizeni kwanza ilichapwa wapi na mwaka gani, kabla hamjaibandika ukutani mwa darasa.

Al Gore, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani, akipokea Tuzo ya Amani ya Nobeli mjini Oslo mwaka 2007, alisema kuna methali ya Kiafrika: ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kwenda mbali nendeni pamoja. Humu ukumbini wapo watu wa lugha nyingi. Kama yupo aliyewahi kuisikia kwa wazee wa kwao, kwa lugha yao, kabla ya kuiona kwenye simu, namwomba awe wa kwanza kunyoosha mkono, aitamke kama alivyoisikia, tuiandike pamoja na lugha yake na kijiji chake.