Ruzuku ya Uvuvi Isiyoandikwa Bajetini

Wengine mmeshanisikia nikilalamikia jambo hili. Mtanivumilia, leo tena.

Mwaka 1992 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilitoa hesabu ya meli za uvuvi za dunia nzima kwa mwaka 1989. Mapato, dola bilioni 70 hivi. Gharama za uendeshaji, 92. Ukiongeza gharama za mtaji, pengo linafika 54. Basi watu wakalidaka lile 54 wakaliita ruzuku! Pengo si ruzuku, jamani. Mwenye meli anaweza kula hasara, akadaiwa na benki, na kesho akang'oa nanga vilevile. Benki ya Dunia ilipochapisha makadirio ya ruzuku zenyewe, mwaka 1998, ilitaja bilioni 14 hadi 20.

Mtasema, si tufungue vitabu vya bajeti tujumlishe? Fungueni. Dizeli hamtaiona humo. Lori linalipa kodi ya mafuta, meli imesamehewa: hazina haikutoa hata senti, ila kuna fedha haikuzipokea. Kitabu kinasema sifuri. Mimi nachukua kodi iliyosamehewa kwa kila lita, nazidisha kwa lita zilizochomwa. Lita hazikuandikwa popote? Nazikadiria kwa nguvu za injini na siku za kukaa baharini.

Naona mkono umeshanyooka kule nyuma. Najua: "Kodi ya mafuta ni ya barabara, na meli haipiti barabarani." Haya, kama kweli yote ni ya barabara, andika makadirio mawili, moja lenye msamaha na jingine lisilo nao, useme umefanya nini. Sifuri usiniandikie! Maana msamaha huo unafuata lita. Anayechoma zaidi hupata zaidi, hata kama samaki wamepungua na ndiyo maana anakwenda mbali. Mtumbwi wa kasia hauambulii kitu, hauna tangi.

Mchumi wa uvuvi Rashid Sumaila na wenzake walikadiria ruzuku za 2018 kuwa dola bilioni 35.4, na zaidi ya 22 kati ya hizo ni za kuongeza uwezo wa kuvua. Fungu kubwa kuliko yote? Mafuta.

Mkataba wa ruzuku za uvuvi wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, wa 2022, ulioanza kutumika Septemba 2025, mtausoma wenyewe. Ruzuku za bandari na za serikali kununua meli kuukuu ili ziache kuvua nilipanga kuzigusa, lakini dizeli imekula muda wote. Maswali? Bwana wa barabara, anza wewe.