Goti Likialika

Wazee wangu, shikamooni. Na wenzangu wote, habari za asubuhi.

Kila mmoja aweke kiganja juu ya pia ya goti lake, anyooshe mguu, kisha aukunje polepole. Mama pale mbele ameshasikia: ko! Baba wa nyuma anahisi kama mchanga unasagika chini ya kiganja. Kuna anayeumia? Hakuna. Basi mlio huo, bila maumivu wala uvimbe, si ugonjwa.

Mtaani tunaambiwa, "Goti limeisha mafuta, kula bamia." Bamia ni mboga nzuri, kuleni. Lakini mlenda wake unasagwa tumboni kama chakula kingine, haushuki gotini. Ute wa goti unatengenezwa na utando wa kiungo chenyewe, na ndani yake mna gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikivutika ghafla, shinikizo linashuka na kiputo kinatokea: ko! Ndiyo maana kidole ulichokialisha sasa hivi hakialiki tena mpaka zipite dakika 20 hivi. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto kila siku kwa miaka 50, wa kulia akauacha. Mwaka 1998 aliandika kwamba hakuna mkono uliopata ugonjwa wa viungo.

Mara nyingine ni kano tu, inateleza juu ya kifundo cha mfupa na kurudi mahali pake.

Ule mchanga ukija pamoja na maumivu ya kupanda ngazi, na goti kukaza asubuhi, hapo gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ya goti, huenda limeanza kulika. Njooni tuliangalie.

Ninaouogopa mimi ni mlio wa uwanjani. Kijana amekita mguu, anageuka na mpira, pa! Kabla ya magharibi goti limevimba kama embe dodo. Jamani, msimkande kwa maji ya moto, msimvute mguu! Pengine kano ya ndani imekatika na damu inajaa kwenye kiungo. Mpelekeni hospitali. Vivyo hivyo goti linalogoma katikati, halikunjiki wala halinyooki.

Ila wengi ninaowapokea hawana hayo. Wamesikia ko, wakaogopa, wakaacha kutembea. Misuli ya paja ikalegea, na goti likaanza kuuma kweli. Hilo linanisikitisha sana.

Haya, sogeeni ukingoni mwa viti. Mikono kifuani. Tunainuka bila kushika kitu, mara 10, taratibu. Magoti yakialika, yaacheni yaalike. Moja...