Arobaini ya Mama na Juni 30

Mhadhara kwa wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, Lancaster, Pennsylvania

Asalamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao salamu hizo hazikuwafikia, hamjambo nyote. Nawashukuru kwa kiti hiki. Mimba ya miezi saba hainiruhusu kusimama muda mrefu, kwa hiyo mtaniwia radhi nikizungumza nimekaa.

Mwezi huu wa Machi theluji inayeyuka, udongo unaanza kulimika, watoto hawataki tena kukaa ndani, na humu ukumbini naona si mimi peke yangu ninayetarajia. Mengi yanakuja kwa pamoja. Mimi nina jambo moja nataka tushikane mkono juu yake: mama anayesomesha watoto nyumbani anaweza kupata arobaini yake kamili hapa Marekani, na sheria ya jimbo hili haimzuii. Ila lazima aiandalie nafasi mapema.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayotutia hofu. Sheria ya elimu ya nyumbani ya Pennsylvania ni ya mwaka 1988. Mzazi anayesimamia masomo awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Kila mwaka, kabla ya Agosti 1, unapeleka hati ya kiapo kwa msimamizi wa shule za wilaya. Mwaka wa masomo unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na ndani yake mtoto asome siku 180, au saa 900 kama ni wa shule ya msingi, 990 kama ni wa sekondari. Unaweka daftari la vitabu alivyosoma na sampuli za kazi zake; hilo ndilo jalada lake. Wa darasa la 3, la 5 na la 8 wanafanya mtihani. Kisha mtathmini, kwa mfano mwalimu mwenye leseni, anazungumza na mtoto, anapitia jalada lake na kuandika barua kuthibitisha kwamba anaelimishwa ipasavyo. Barua hiyo imfikie msimamizi wa shule za wilaya kabla ya Juni 30.

Sasa tazameni. Mtoto akizaliwa katikati ya Mei, arobaini inakwisha wiki ya mwisho ya Juni. Yaani siku ambazo mama anatakiwa alale, anyonyeshe na kukandwa, ndizo siku ambazo jalada linatakiwa. Wengi wanaamka kitandani siku ya kumi, kitovu cha mtoto hakijadondoka, wanatafuta karatasi za hesabu za mwezi wa Novemba chini ya kochi. Inaniuma sana kuona hivyo, kwa sababu hakuna sheria iliyowaamuru.

Sheria haijataja Jumatatu hadi Ijumaa, wala haijasema uanze Septemba. Jumamosi ni siku. Agosti ni mwezi wa masomo ukitaka. Na ukihesabu kwa saa badala ya siku, mtoto wa msingi anayesoma saa 5 atahitaji siku 180, lakini anayesoma saa 6 atamaliza saa zake 900 kwa siku 150. Tofauti hiyo ya siku 30 ni wiki 6 kamili za masomo. Basi chukueni kalenda leo jioni, wekeni tarehe ya kujifungua, rudini nyuma wiki 3 kwa ajili ya mtoto anayewahi, na hapo ndipo pawe mwisho wa masomo. Mtathmini mpigieni simu sasa hivi. Mei na Juni kila familia inamtafuta. Aprili ana nafasi.

Mtaniuliza: saa 6 na mimba hii tutazipata wapi? Hapo ndipo machipuko yanapotusaidia. Orodha ya masomo ya jimbo si hesabu na Kiingereza tu. Ina sayansi, jiografia, afya na fiziolojia, muziki, sanaa, mazoezi ya mwili, na elimu ya usalama ikiwamo kuzuia moto. Mama mwenye mimba na bustani nyuma ya nyumba ana karibu nusu ya orodha hiyo bila kufungua kitabu.

Juzi nilikwenda kliniki na wanangu wote, sina wa kumwachia. Mkunga alipoweka kile kifaa tumboni na mapigo yakaanza kusikika, akamwambia kifunguamimba wangu ahesabu kwa sekunde 15 huku akitazama saa ya ukutani. Msichana akahesabu kwa midomo, vidole vikigonga goti, akapata 36. Mkunga akamuuliza, "Kwa dakika moja?" Akazidisha kwa 4 hewani, akasema 144. Mkunga akamweleza kwamba mtoto tumboni hupiga kati ya 110 na 160, akampa kifaa mdogo wake naye asikie. Jioni binti huyo akapima mapigo yake mwenyewe, ya baba yake na ya bibi yake kwa video kutoka Tanga, akachora jedwali. Daftari letu la siku hiyo lina hesabu, fiziolojia na kuandika. Yale mapigo alinieleza tena na tena kwa furaha ambayo kitabu chake cha kuzidisha hakijawahi kumpa.

Bustani nayo ni darasa. Njegere, spinachi na sukuma wiki zinastahimili baridi, mnaweza kuzipanda kuanzia sasa hadi Aprili. Nyanya, pilipili na mchicha zisubiri katikati ya Mei, baridi ya usiku ikishakwisha. Mwenye mimba avae glavu, kwa sababu kinyesi cha paka kwenye udongo kinaweza kuleta ugonjwa wa toksoplasma, na huo ni hatari kwa aliye tumboni. Watoto wakirudi kutoka kwenye majani, wakagueni kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mapaja, katika nywele. Ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, ni mwingi jimbo hili, na kuwakagua watoto kila jioni mjue ni somo la usalama, liandikeni.

Vifaranga vya kuku vinapendwa sana huku mashambani, mayai yanaanguliwa kwa siku 21 na mtoto anaona kila hatua. Nami nasema, kama una mdogo wa chini ya miaka mitano au kichanga njiani, viangalieni kwa jirani. Vifaranga wanaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyoharisha, hata wakionekana safi. Afadhali mkasimame kando ya barabara mkawatazame majirani zetu Waamishi, wale Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, wakilima kwa nyumbu, mtoto achore.

Sasa arobaini yenyewe. Kwetu pwani mzazi hukaa ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga. Wachaga wanampa mtori. Bibi zetu hawakuwa na vitabu vya hospitali, lakini tumbo la uzazi huchukua kama wiki 6 kurudi lilivyokuwa, na wiki 6 ni siku 42. Walijua. Tatizo ni kwamba hapa mama yangu hayupo, shangazi hayupo, na mume akikosa likizo ya kazini anarudi zamu siku ya tatu.

Kwa hiyo akina baba, nawaomba sana: sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi anayestahili hadi wiki 12 za likizo ya familia bila malipo, kazi yake ikilindwa, kama mwajiri ana watu 50 na zaidi na wewe umefanya kazi hapo angalau mwaka mmoja. Ulizeni kazini kabla ya Aprili. Hata wiki 2 ni kubwa. Na akina dada, tugawane. Mmoja apike siku zake, mwingine achukue watoto wakubwa asubuhi. Sisemi tuanzishe chama. Nasema tuandike majina kwenye karatasi.

Na wale wanaokaa na mzazi wajue dalili hizi: damu inayojaza pedi kwa saa moja, kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, homa ya nyuzi 38, kifua kuuma au pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hizo si za kungojea asubuhi. Kabla ya kujifungua pia, mtoto akipunguza kucheza tumboni, piga simu siku hiyo hiyo. Mtoto mkubwa nyumbani afundishwe kupiga 911, namba ya dharura, na anwani ya nyumba aijue kwa moyo, kwa Kiingereza.

Karatasi ya majina iko pale mlangoni, na nakala za hati ya kiapo ziko chini yake. Yule dada aliyeinua mkono tangu nilipotaja mtathmini, karibu, uliza.