Kocha Aliyemtafuta Mkewe Jukwaani

Asanteni, kaeni. Naona kwenye ratiba mmeandika kwamba nitazungumzia Piramidi ya Mafanikio ya kocha wa mpira wa kikapu John Wooden, ule mchoro wake wa sifa za mtu anayefanikiwa. Sitaizungumzia. Ile piramidi ina matofali 15, imebandikwa ukutani kwa kila kocha niliyewahi kumtembelea, na nusu ya makocha hao hawajala chakula cha jioni na watoto wao tangu msimu uanze. Tuiache hukohuko ukutani. Leo nina habari za mwanamke aliyekaa jukwaani.

Walionisikia mwaka jana wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Mkibadilika nitanyamaza.

Wooden mwenyewe mnamjua: kocha wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, California, ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 katika miaka 12, mechi 88 mfululizo bila kufungwa. Hayo mnayakariri kuliko tarehe za kuzaliwa za wake zenu, kwa hiyo nayaruka. Tuanze na nyumbu.

Kijana Wooden yuko shambani katika jimbo la Indiana, analima mahindi kwa nyumbu. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Gari linasimama barabarani, ndani wamo wasichana anaosoma nao, wanampungia mkono aje. Yeye anafika mwisho wa tuta, anamgeuza nyumbu, anaendelea kulima kama hakuona kitu. Shule zilipofunguliwa, mmoja wa wasichana wale, Nellie Riley, akamfuata kumuuliza: mbona siku ile hukuja kutusalimu? Akasema alikuwa mchafu, jasho linamtiririka, akaona watamcheka. Nell akamjibu kwamba yeye hangemcheka kamwe. Wooden alilihadithia jibu hilo mpaka uzeeni, na alisema hakuwahi kuwa na msichana mwingine.

Kijana alikuwa mwenye haya, Nell mchangamfu. Nell akajiunga na bendi ya shule ya Martinsville, akashika tarumbeta. Kabla ya mechi kuanza, wenzake wamemzunguka kocha, John anachungulia kule kwenye bendi. Nell anakutanisha kidole na dole gumba, duara, yaani mambo sawa. Naye anamwitikia. Kisha mpira unarushwa. Mwaka 1927 Martinsville wakawa mabingwa wa Indiana.

Sasa sikilizeni. Ishara ile haikuishia shuleni. Alipokuwa kocha, kabla ya mechi aligeuka kumtafuta Nell jukwaani, wakapeana ishara ileile, ndipo akakaa. Mpaka mechi yake ya mwisho, mwaka 1975. Karibu nusu karne, jamani! Mimi na ninyi hatuwezi kudumisha zoezi moja la kupasha misuli kwa wiki tatu.

Najua kuna mmoja pale nyuma anasema moyoni: mzee, hayo ni mapenzi, sisi tumekuja kujifunza ukocha. Kila mwaka yupo. Haya, twende kwenye ukocha. Siku ya kwanza ya mazoezi, kila msimu, Wooden aliwakalisha wachezaji wake na kuwafundisha kuvaa soksi. Vijana waliowaniwa na vyuo vya nchi nzima, akina Lewis Alcindor, ambaye baadaye alijiita Kareem Abdul-Jabbar, na Bill Walton! Vuta soksi, ilaze vizuri kwenye vidole, pitisha mkono kisiginoni, mkunjo usibaki hata mmoja. Kisha kamba za kiatu, tundu kwa tundu. Mkunjo huzaa lengelenge, lengelenge hukutoa mchezoni. Walton alikuwa akieleza walivyotazamana, kwa kuwa walikuja kutafuta siri za ubingwa.

Mtu anayelainisha soksi ya kijana wa miaka 18 kwa uangalifu ule, ndiye yuleyule anayegeuka kumtafuta mkewe kabla ya mechi ambayo hakuna anayeitilia shaka. Ni mkono mmoja unaofanya yote mawili. Ninyi mnataka kuukata vipande: huku kocha, kule baba wa watoto, halafu yule baba mnamwambia asubiri msimu uishe. Msimu hauishi! Ukiisha kuna usajili, usajili ukiisha kuna kambi.

Mtaniambia: yeye alikuwa akishinda, ilikuwa rahisi kuwa mume mwema. Hapa ndipo hasira hunipanda, maana hamsomi tarehe. Alifika UCLA mwaka 1948. Ubingwa wa kwanza ni wa 1964. Hesabuni. Misimu kumi na mitano imepita bila kombe la taifa, la kwanza linakuja wa kumi na sita, na kikosi kile cha 1964 hakikuwa na mchezaji wa kuanza hata mmoja aliyezidi futi 6 na inchi 5, wafupi kwa mchezo huu. Hakukuwa na Alcindor. Hakukuwa na Walton. Miaka mingi kati ya hiyo alifanyia mazoezi katika ukumbi aliogawana na wanamieleka na wanasarakasi, akishika fagio na kidekio mwenyewe kusafisha sakafu kabla vijana hawajaingia. Viongozi wa timu mliomo humu, mnaomfukuza kocha kwa mechi nne, nawaona. Msitazame simu.

Na wala hakutaka kwenda huko California. Yeye na Nell walitaka chuo cha Minnesota, karibu na kwao. Theluji ikaangusha mawasiliano ya simu, Minnesota wakachelewa kupiga, UCLA wakapiga kwanza, akawapa neno. Minnesota walipompata usiku uleule, akawaambia amekwishaahidi. Miaka miwili baadaye Purdue, chuo alichosoma, wakamwita arudi, naye moyo ulikuwa umeshafika. UCLA wakamkumbusha kwamba mkataba wa miaka mitatu aliudai yeye mwenyewe. Akabaki. Ugumu wa hapo haukuwa wake peke yake, ulikuwa wa Nell pia, na wa watoto wao wawili, Nancy na James. Nell huyu ndiye aliyeolewa tarehe 8 Agosti 1932 siku chache baada ya benki kuanguka na akiba yote ya bwana harusi, dola 909 na senti 5, kwenda nayo. Walioana hivyohivyo, jioni wakaenda kuwasikiliza Mills Brothers wakiimba.

Ngoja niseme jambo moja msije mkadhani nahubiri mtakatifu. Wooden alikuwa na ulimi. Ile programu ya mechi aliyoikunja mkononi aliifanya kipaza sauti cha kuwasema waamuzi, na wachezaji wa upande wa pili hawakupona. Pia kuna habari za tajiri mmoja mpenzi wa timu aliyewafadhili wachezaji kinyume cha kanuni, na UCLA waliadhibiwa mwaka 1981 yeye akiwa amestaafu. Watu wanauliza hadi leo aliona nini na hakuona nini. Ni swali halali. Sitalifuta kwa sababu napenda hadithi ya tarumbeta.

Mratibu ananionyesha saa. Basi haraka. Mwaka 1947, akiwa kocha wa chuo cha Indiana State kabla ya UCLA, timu yake ilialikwa kwenye mashindano ya taifa ya NAIB, chama cha mpira wa kikapu cha vyuo, lakini mchezaji wake Mweusi, Clarence Walker, hakuruhusiwa kucheza. Wooden akakataa mwaliko. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa, akaenda na Walker, naye akacheza. Hii ilistahili saa nzima, mratibu, saa nzima.  Wataalamu wawili waliohudhuria mazoezi 15 ya Wooden msimu wake wa mwisho wakaandika kila alichofanya, vitendo 2,326 vya kufundisha: robo tatu ni maelekezo matupu, fanya hivi, siyo vile. Sifa asilimia 6.9. Makaripio asilimia 6.6. Ninyi mnaopiga kelele dakika arobaini, nendeni mkajihesabu.

Lakini barua siziruki, hata mzime taa.

Nell alifariki tarehe 21 Machi 1985. Tangu hapo, kila tarehe 21 ya mwezi, Wooden alikwenda kaburini, kisha akarudi kwenye nyumba yao Encino, akakaa, akamwandikia mkewe barua. Anamweleza habari za wajukuu, anamwambia jinsi anavyomkosa. Anaitia kwenye bahasha, anaiweka juu ya mto wa Nell, juu ya zile za miezi iliyopita. Upande wa Nell kitandani hakuugusa. Aliendelea hivyo mpaka macho yalipomwishia nguvu karibu na mwisho. Alikufa tarehe 4 Juni 2010, akiwa na miaka 99. Zidisheni wenyewe miaka kwa miezi mjue ni bahasha ngapi. Hakuna aliyekuwa akihesabu pointi, hakuna mwandishi wa habari mlangoni, na tarehe 21 ilipofika kalamu ilishikwa.

Mwaka 2003 UCLA waliamua kuipa jina sakafu ya Pauley Pavilion, ukumbi wao wa mechi. Walitaka jina lake. Yeye akaomba la Nell litangulie, na ndivyo linavyosomeka mpaka leo: Nell and John Wooden Court. Timu zinapoingia kupasha misuli, zinakanyaga jina la mpiga tarumbeta kwanza.

Maswali. Wewe mwenye filimbi shingoni, anza. Lisiwe la piramidi.